Komanda Hakulewa

Kinshasa

Yaya Saidi,

Nakusalimia wewe, bibi yako na watoto. Mama aliniambia kwa simu kama mugongo unamuuma tena na bado anashuka shamba kule Wamaza. Umukataze, wewe njo uko karibu naye. Mimi mwili iko muzuri. Moyo njo haujatulia, na sababu moja ni wewe.

Ulisema Kasongo nzima inajua kama Komanda Pascal alikuwa mulevi siku ile tulitua kwenu na ndege. Ukaongeza kama niende kumupigia patroni, mwenye kampuni yetu, magoti na nitoke mu sendika, ule umoja wetu wa piloti, juu sendika ni kazi ya watu wa kelele. Simu ikakatika mbele nikujibu. Afazali ilikatika, maana ningekutukana, na wewe ni mukubwa wangu. Basi nakuandikia. Soma mpaka mwisho kwanza, kisha ukasirike kama bado unataka.

Asubuhi ile, pale Kindu, nilimukuta Komanda ameketi chini ya bawa la ndege, amejifunga koti, na jua iko inachoma. Huyu ni ule muzee mwenye kunifundisha kazi ya upiloti tangu nilipoingia mu kampuni. Ni mutu wa kanisa la maombi. Hata divai ya arusi anaikataa.

"Komanda, uko mugonjwa," nikamuambia.

"Ni malaria. Ilianza jana. Nimekwisha kumuambia patroni."

"Akasema nini?"

"Akasema kama siwezi, piloti wengine wako mulangoni wanangoja kazi."

Nikamuomba apige simu tena, na mimi nisikie. Patroni hakumuacha amalize. "Pascal, ndege si kitanda. Unaruka leo, ama kesho usije." Nikachukua ile simu. Nikasema, "Patroni, homa iko inamutetemesha. Kutakuwa watu mu ndege." Akanijibu, "Wewe Zuhura, fanya kazi yako. Hauko daktari."

Yaya, fikiri pale kidogo. Sheria inasema piloti mugonjwa asiruke, kila piloti anaijua. Lakini sheria haikukuwa pale chini ya bawa pamoja na sisi. Kulikuwa muzee mugonjwa, mimi, na sauti ya mutu mwenye kushika mukate wetu. Hakukuwa mutu hata mumoja wa kusema kwa jina letu sisi wote. Komanda akasimama, akashika ngazi ya ndege kwa mikono miwili, akapanda. Nikapanda nyuma yake, mimi piloti wake wa pili, juu sikutaka awe peke yake pale mbele.

Tulifuata Lualaba muzuri mpaka tukaona Nyangwe. Hapo akaniambia kwa sauti ndogo, "Zuhura, chukua. Sioni." Nikafikiri anasema mawingu. Akaanguka na kifua juu ya usukani, na ndege ikainamisha pua. Nilivuta kwa mukono moja, na mwingine nilikuwa nikimusukuma, lakini muzee ule ni muzito. Ndege yetu haina mulango kati ya sisi na wasafiri. Nyuma yangu kulikuwa mama moja wa Kabambare, jina lake Mama Feza, mwenye kuuzisha mafuta ya ngazi, yale ya mawese, pale sokoni kwenu. Hakulia. Alifungua kitenge kiunoni, akakipitisha kifuani kwa Komanda, akakivuta nyuma ya kiti, na akakishika vile kwa nguvu zake zote mpaka magurudumu yakagusa chini. Ulinichekelea siku ile kama ndege ilirukaruka kiwanjani sawa chura. Sasa unajua sababu.

Ulimuona Komanda akishushwa, anatapika, miguu haimubebi. Mutu wa kampuni pale kiwanjani alimupigia patroni simu mbele ya kutafuta hata pikipiki ya kumupeleka hospitali. Alipomaliza kusema na patroni, njo akageuka kwa watu na kuwaambia, "Musishangae, ni pombe." Nilimusikia kwa masikio yangu. Hospitali wakaona malaria imepanda mu kichwa. Komanda akiwa bado kitandani, hajui hata jina la bibi yake, kampuni ikamufukuza kwa ulevi.

Kisha patroni akaniita huku Kinshasa. Akafunga mulango wa biro, akaniletea soda. "Zuhura, utasema kama ulisikia harufu ya pombe. Kiti cha Pascal kitakuwa chako. Utakuwa mwanamuke wa kwanza komanda mu kampuni hii."

"Sikusikia harufu."

"Enda ufikiri."

"Nilikwisha kufikiri pale juu ya Nyangwe."

Nilitoka bila kugusa ile soda. Sijawahi kuchukia mutu vile.

Jumapili piloti wa kampuni tukakutana mu nyumba ya mwenzetu Mathieu. Walikuwa na woga. Mathieu mwenyewe akasema, "Mimi niko na watoto, musinitie mu maneno." Nikawaelezea juu ya kitenge cha Mama Feza. Kisha Mathieu akasema, akiangalia chini, "Mimi pia niliruka na homa mwaka uliopita." Mwingine akasema alilala usingizi hewani, juu hawakumupatia siku ya kupumuzika. Mwingine vilevile. Kila mutu alikuwa amebeba yake peke yake, akifikiri ni uzaifu wake. Siku ile ile tukaingia sote mu sendika ya piloti, ile yenye kuwa na piloti wa kampuni zingine pia.

Patroni akatuita mumoja mumoja, kama kawaida yake. Kila mumoja akamujibu: "Sema na sendika." Akatupa vitisho. Tukagoma, hatukuruka. Wachuuzi wakatutukana juu mizigo yao ilikuwa inaoza, na sikuwalaumu. Akaleta piloti kutoka kampuni ingine. Wakafika kiwanjani, wakauliza iko nini, tukawaelezea, wakageuka wakarudi kwao. Nilimuona patroni akiwaangalia vile wanaenda. Hapo njo alikubali kuketi na sisi, na avoka, yule wakili wa sendika, akaketi kwa upande wetu.

Sasa piloti akisema niko mugonjwa, hakuna wa kumuuliza mara ya pili. Ndege inangoja. Komanda Pascal wamemurudisha kazini, lakini juu ya ile malaria sikio moja halisikii tena, na daktari anasema hataruka tena. Anafundisha vijana mu darasa. Kila ndege ikipita juu anaacha kusema mpaka ipite. Kule kuruka kwake hakutarudishwa na sendika yoyote. Kama tungekuwa nayo asubuhi ile Kindu, angelala kitandani siku chache, na leo angekuwa anaruka.

Na lile neno la ulevi, patroni alikataa kulifuta mbele ya watu. Alikubali yote, lile hapana. Huku Kinshasa tumelifuta sisi wenyewe. Kwenu Kasongo bado liko linatembea, na ndugu yangu wa tumbo moja njo analibeba.

Kwa hiyo usiniambie tena juu ya magoti. Enda sokoni, umuulize Mama Feza. Kisha siku ya Ijumaa, watu wakitoka musikitini, simama pale uliposikia ule uongo, useme ukweli kwa sauti. Yule mutu wa kampuni akiwa pale, afazali zaidi.

Mama umusomee barua yote, usiruke pahali pa kuogopesha. Unisalimie shangazi yetu wa Nyangwe na bwana yake muvuvi, na shemeki yetu wa Salamabila akipita na pikipiki yake. Watoto uwaambie shangazi yao bado anaruka.

Na sitoki mu sendika.

Ni mimi mudogo wako, mwenye kukupenda na hasira yangu yote,

Zuhura