Nabii wa Ubao wa Maige

Jumatatu, 1 Februari

Jana nimepatia tena! Tangu Alhamisi nilikuwa nimeandika kwenye ubao wa Maige, mwenye ukumbi wa video: Barcelona 3, Betis 2, goli la mwisho kwa kichwa. Likaja kwa kichwa! Ukumbi mzima ukanigeukia. Mzee mmoja akavua kofia.

Siri yangu naiandika humu tu. Mechi huchezwa Hispania Jumapili. Jumatatu alfajiri redio ya nje inasoma matokeo. Ojuok, kondakta wa basi la Nairobi, anamletea Maige mkanda Jumamosi, unaonyeshwa kesho yake. Hapo katikati ndipo mimi natabiri. Hakuna anayejiuliza. Hapa Nyakato mechi haijachezwa mpaka Maige aingize mkanda.

Mwezi uliopita nilikosea dakika, makusudi. Nabii asiyekosea kabisa anatiliwa shaka.

Jumanne, 2 Februari

Nilikuwa juu ya ngazi nachora bango la duka la vipodozi. (Tangu kiwanda kiuzwe na sisi tupunguzwe, kila aliyepunguzwa anafungua duka, na kila duka linataka bango. Silalamiki.) Mara chini yangu — Mzee Masalu! Baba yake Wilhelmina ninayemposa, kutoka Buswelu, fimbo ya ng'ombe mkononi, redio imening'inia shingoni kwa kamba. Nikashuka mbio. Shikamoo. Marahaba.

Huyu mzee anampiga kalenda mshenga wangu, njoo kesho, njoo keshokutwa, tangu Novemba. Leo kaanza mwenyewe. Kasikia kwamba naona ya mbele. Binti anaweza kukabidhiwa mtu anayeona ya mbele, akasema, na Jumapili atakuja kwa Maige ashuhudie.

"Ukipatia, Jumatatu mlete mshenga wako. Ukikosa, usimlete tena."

Nikamjibu nitapatia, baba. Kwa nini nisipatie? Nimerudi ngazini napiga mluzi.

Alhamisi, 4 Februari

Nimekwisha.

Maige kanunua ungo! Uko juu ya bati, mkubwa kuliko mlango wa kanisa. Mikanda basi tena. Jumapili saa moja jioni ni Barcelona na Valencia, moja kwa moja kutoka hukohuko. Nikamwambia picha ya mkanda ina utulivu wake. Akaniuliza kama nimekunywa chai.

Mchana watu wananidai utabiri ubaoni. Sijui chochote! Ojuok anasema beki za Valencia ngumu. Gazeti lililofungia dagaa wangu lilikuwa na habari kwamba mshambuliaji wa Barcelona ameumia — goti, au labda kidole, maana limechanika hapohapo. Nikaandika Barcelona 2, Valencia 1. Watu hawaondoki. Goli la kwanza je? Nikaongeza: kwa kichwa, dakika ya 34. Kwa nini niliongeza? Sijui ni pepo gani.

Ijumaa, 5 Februari

Nimemwambia Wilhelmina yote, dirishani pa kibanda chake cha ushonaji. Alicheka mpaka uzi ukakatika. Halafu akaacha kucheka. Kasema baba yake mtu maskini anamvumilia, mtu mfupi anamvumilia (mimi ni vyote viwili), muongo hapana. Nimwambie mwenyewe kabla ya Jumapili.

Nikasema baada ya mechi ingekuwa vizuri zaidi.

"Basi dirishani hapa usije mpaka umwambie."

Nampenda sana huyu dada. Sijalala vizuri.

Jumamosi, 6 Februari

Nimekwenda Buswelu kwa miguu kumwambia. Nikamkuta malishoni, redio inamsomea habari kifuani. Akauliza nimefuata nini. Nikasema nimekuja kuwasalimia ng'ombe.

Akaniacha niwasalimie.

Jumapili, 7 Februari

Mapumziko. Naandika nyuma ya ukumbi, karibu na jenereta, goti ndiyo meza.

Bila kwa bila. Dakika ya 34 ukumbi ulihesabu kwa sauti, mpaka akina mama wauza karanga wa nje. Mpira ulikuwa unarushwa, basi. Minong'ono ikaanza. Mzee Masalu, kiti cha mbele, hakutazama mpira hata kidogo. Alikuwa ananitazama mimi.

Mapumziko yalipopigwa akanifuata huku nyuma. Nikafungua mdomo nimwambie, hatimaye. Akaniwahi. Akaipapasa redio yake.

"Leo haijakwambia, siyo?"

Anajua! Kila Jumatatu alfajiri, akikamua, anasikia matokeo yaleyale ninayosikia mimi. Tangu Novemba! Nimesimama kama kigingi. Nikamuuliza, sasa kwa nini ulisema nikipatia? Akasema ya kupatia hata redio inapatia. Alitaka kuniona siku ambayo sijui. Na jana alinisubiri niseme, nikaongea na ng'ombe.

Nikasema nisamehe, baba. Akanipa chaki. Watu wamefuta ubao, wanataka nabii awaandikie kipindi cha pili, mbele ya wote. Kisha akarudi ndani kukaa.

Naona ubao kutoka hapa, mweupe wa vumbi la chaki. Wilhelmina yuko mlangoni na gauni la kanisa. Hanitazami, lakini hajaondoka.

Nusu ya mabango ya Nyakato nimeandika mimi. Nimeandika saluni, nimeandika bucha, nimeandika hoteli yenye vyumba viwili kwamba ni ya kimataifa. "Sijui" sijawahi kuandika popote. Herufi tano tu.

Maige anaita, timu zimerudi uwanjani. Wote wamegeukia ubao, na mimi naenda kuandika zile herufi tano.