Sauti ya Kuwapokea

Jumatatu, 7 Julai
Nimefagia banda la makasia tena. Wiki ya pili tangu nimalize shule, najitolea hapa kwenye klabu ya makasia, Woolwich. Naipenda kazi hii. Ufagio hauulizi maswali.

Wageni wamefika. Wanawake saba wa Kichinook, wenyeji wa asili wa mdomo wa Mto Columbia, Marekani. Mtumbwi wao umechongwa kwa gogo moja la mwerezi. Nahodha ni Bi Marlene, nywele nyeupe, sauti ya chini. Binti yake Dawn ana mtoto wa miezi mitano, Ivy. Kwao mtumbwi una roho, ni jamaa. Anayeuita boti hutoswa majini. Meneja wetu aliuita boti. Wakamhurumia, akatia mguu mmoja tu. Na soksi yake.

Jumatano, 9 Julai
Bi Marlene amenichagua mimi. Sijui kwa nini.

Jumamosi watapiga makasia kutoka Greenwich hadi hapa. Kwa mila yao hawakanyagi nchi ya watu bila ruhusa. Nahodha hujitaja, huomba, na mwenyeji aliye ukingoni hujibu. Bila jibu hawashuki. Mwenyeji ni mimi. Nijibu kwa lugha ya nyumbani, amesema. Nilitaka kukataa. Hata kukataa kulinishinda.

Alhamisi, 10 Julai
Siku mbaya.

Tulifanya mazoezi. Dawn alikaa nyuma, mahali pa nahodha, maana mama yake anamwachia uongozi na Jumamosi ndiyo mara yake ya kwanza. Mimi ukingoni, nimempakata Ivy. Dawn akaomba ruhusa. Watu kama ishirini wakanitazama. Nikamrekebishia Ivy kofia. Akaomba tena. Kimya. Ivy akaanza kulia kwa njaa. Maji ya mto yalikuwa yakipwa kwa kasi, wale wanawake wakipiga makasia ili wabaki palepale tu. Meneja akawapungia mkono waje, ni mazoezi. Bi Marlene akatikisa kichwa. Wananingoja mimi.

Robo saa. Nikaona fulana ya Dawn imelowa maziwa.

Mwishowe meneja akaelewa, akajibu badala yangu. Dawn akaja akamchukua mtoto, akamnyonyesha. Hakunikasirikia. Afadhali angenikasirikia.

Ijumaa, 11 Julai
Mama karudi kutoka kwa wazee anaowatunza, miguu imevimba. Nikamkanda, nikamweleza yote. Kisha nikamwomba aseme yeye kesho. Wapemba wote wa hapa ughaibuni humsikiliza. Harusi, msiba, yeye ndiye hupanga, na wanaume hubeba viti anapowaelekeza.

"Wamekuomba wewe," akasema.

Nikamwambia mazoezi yenyewe yamenishinda.

"Na wewe nilikuzaa kwa mazoezi?"

Akacheka peke yake. Atabadilisha shifti aje. Lakini kinywa hafungui, ameapa.

Sikula.

Jumamosi, 12 Julai
Walikuja saa tisa alasiri. Watu wengi kuliko juzi. Mama kando yangu na sare yake ya kazi, Ivy begani kwake.

Dawn alikuwa nyuma. Bi Marlene alikaa mbele kabisa na hakugeuka hata mara moja kumwangalia bintiye. Dawn akajitaja. Akamtaja mama yake, akamtaja bibi yake. Akaomba kushuka. Sauti ilimtetemeka mpaka mwisho.

Hiyo ndiyo iliyonifungua. Na yeye anaogopa. Na mama yake kamwacha aogope.

Nikamtazama Mama. Yeye akatazama maji.

"Mimi ni Rukia," nikasema, "mtoto wa Asha, mjukuu wa Hidaya. Mmetoka mbali, mmechoka. Shukeni mle chakula. Mpumzike kwetu."

Haikuwa sauti kubwa. Ilifika. Makasia yote yakainuliwa juu kwa pamoja, maji yakidondoka.

Mama hakusubiri waufunge mtumbwi. Akateremka na Ivy hadi kwenye matope, na viatu vyake vya kazi, akampa Dawn mwanawe.

Jumapili, 13 Julai
Wageni wameondoka asubuhi. Mvua kidogo. Mama alikwenda kuilipa shifti ya jana, nikabaki napika wali.

Saa nane nikasikia hatua zake kwenye ngazi. Zikasimama nje ya mlango. Ufunguo anao.

"Hodi."

Nikadhani ameusahau.

"Hodi," tena, taratibu. Akangoja.

Nikapunguza moto, nikafuta mikono.

"Karibu, Mama."

Ndipo nikausikia ufunguo ukizunguka.