Cheti cha Milingoti

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimemkamata! Asubuhi nimemkuta Nahumu kwenye chemchemi, pampu inanguruma, mpira umeelekea kwenye viazi vyake. Na sisi wengine tunabeba ndoo kichwani! Mvua ilikata tangu mwanzo wa Machi, vinyungu, bustani zetu za bondeni, ndivyo vinavyotulisha, na maji yameshuka hadi alama ya nne kwenye ufito wangu wa kupimia. Nikamwambia ukame wetu una jina, na jina lake ni Nahumu. Mbele ya watu. Alizima tu mashine. Kamati ya maji imeichukua pampu. Mwenyekiti ni mimi, kwa hiyo iko kwangu, nyuma ya mlango wa jikoni. Akome!

Jumamosi, 16 Agosti

Alama ya tatu. Siku kumi na mbili pampu imelala jikoni kwangu na maji bado yanashuka! Nimepima mara mbili. Nikadhani ameazima pampu nyingine, nikaenda kuzunguka shamba lake lote. Viazi vimenyauka, masikini, majani yamejikunja. Mke wake, Fidelia, alikuwa anachuma mboga chache zilizosalia. Akanisalimia vizuri tu. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 20 Agosti

Mtaalamu wa maji amekuja kutoka Makambako. Nilitegemea mzee mwenye miwani, kumbe binti! Yasmini. Mtandio kichwani, mabuti ya mpira miguuni. Nikamketisha sebuleni mkabala na cheti changu — makusudi, akione. "Mpanda Miti Bora, 2012." Milingoti, yaani mikaratusi, arobaini na miwili kuizunguka chemchemi, nimeipanda kwa mikono hii hii. Si tuliambiwa miti inaleta maji?

Akakisoma. Kisha akaomba jembe.

Tukachimba hatua chache kutoka kwenye chemchemi. Mizizi! Minene kama mkono wangu, yote imeelekea majini. Akasema kwa upole, mama, mvua kukata mapema hatuna uwezo nayo. Ila mvua ikipungua, mlingoti haupunguzi kunywa. Ungeupanda kule juu kilimani, sawa. Hapa umeukaribisha mezani.

Nikamwambia, na pampu ya Nahumu je? Akasema pampu nayo ina makosa yake, lakini pampu inazimwa. Mlingoti unauzimaje?

Nikarudisha udongo shimoni.

Jumapili, 24 Agosti

Mahubiri sijasikia hata neno moja. Baada ya ibada watu wakakaa nyasini nje ya kanisa, nikasimama kama mwenyekiti. Nikasema mtaalamu ameagiza milingoti yangu ikatwe. Ameagiza! Hakuagiza chochote yule binti, alieleza tu. Neno "nimekosea" lilifika kooni likarudi. Mzee Amos wa kamati akasema mimi, Mama Benno, nina moyo, natoa miti yangu kwa ajili yetu sote. Wakapiga makofi. Nahumu naye akapiga. Nilitamani ardhi inimeze.

Mwanangu Benno kapiga simu, kafoka. Miti ile ingeuzwa nguzo mwakani, nyumba yake aijengee nini sasa? Nikamwambia nyumba isiyo na maji atakaa na nani.

Ijumaa, 29 Agosti

Imeanguka yote. Msumeno wa chenso tangu asubuhi. Nimelia kidogo, nikasingizia vumbi la mbao.

Jumatatu, 15 Septemba

Alama ya pili na nusu. Ina maana nimekata bure?

Jumanne, 30 Septemba

Alama ya tatu, na vidole viwili juu yake! Na mvua haijadondosha hata tone. Nilipima, nikavua viatu, nikaingia, nikapima tena.

Jumatatu, 13 Oktoba

ALAMA YA SITA. Asante Mungu! Asante, asante.

Tumepanga zamu za kumwagilia, kila nyumba na siku yake. Vinyungu tumevifunika majani makavu, udongo unashika unyevu hadi siku ya tatu, Yasmini alisema kweli. Palipokuwa na milingoti tumepanda mivengi, miti yetu ya asili, yenyewe haigombani na maji. Visiki vinachipua, vina kiburi hivyo! Machipukizi nayang'oa mwenyewe kila asubuhi. Maharage ya Fidelia yametoa maua. Mchana nimelala saa nzima, jambo ambalo sijalifanya tangu Machi. Mwili wote umelegea kwa raha.

Imebaki pampu ya Nahumu tu. Kamati ilishasema arudishiwe, naye aitumie siku yake ya zamu. Nikifagia jikoni naizunguka. Kila siku nasema kesho.

Alhamisi, 16 Oktoba

Naandika jikoni, haraka haraka. Yasmini yuko sebuleni, ameleta cheti kingine! Cha kuirudisha chemchemi. Nafasi ya jina iko wazi, kalamu anayo mkononi, anauliza aandike nani. Wamekuja Mzee Amos, Fidelia, na Nahumu.

Nahumu ndiye aliyejibu. Andika Mama Benno, ndiye aliyekubali kuikata milingoti. Bila kinyongo, jamani! Kisha akainua macho ukutani akakiona kile cha zamani. Akakisoma kwa sauti, polepole, hadi mwaka. Mzee Amos akaanza kucheka, akajikohoza. Yasmini akaangalia mabuti yake. Mimi nikasema ngoja nitazame chai.

Chai imechemka kitambo. Maji ya chemchemi, nimeonja, matamu mno! Fidelia anaita kama aje anisaidie. Nimemjibu hapana, nakuja. Jina bado halijaandikwa, najua, maana nilimwambia Yasmini asubiri nirudi.

Nimeipangusa pampu vumbi kwa kanga yangu. Mpira nimeukunja vizuri. Nimejaribu kuinyanyua, nzito hii, siku ile tuliibeba wawili kwa hasira hatukuusikia uzito. Leo nitaibeba peke yangu hadi miguuni pa Nahumu, mbele ya watu, kama nilivyomwaibisha.

Naweka kalamu. Pampu kwanza. Vikombe vitafuata.