Kimo cha Mbele cha Gari la Wendy

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi
Jina: Masila Munyao
Umri: Miaka 53
Kazi: Fundi wa magari
Makao: Mwala, Kaunti ya Machakos

Afande, sikuitwa, nimekuja kwa miguu yangu.

Mnamo tarehe 8 Februari, Jumamosi, saa tisa alasiri, nilikuwa nyumbani nikitayarisha gari la mbio za barabara ya vumbi la binti yangu Wendy, miaka 24. Ndiye mtoto wangu wa pekee. Alitaka pua ishuke kidogo, gari lishike kona.

Kazi hiyo iko hivi. Dereva anakaa ndani na helmeti yake. Nainua mbele kwa jeki, nalegeza nati za springi, nashusha gari, kisha napima kwa tepu kutoka chini hadi kwenye chesisi, ile fremu ya chini ya gari. Lakini kabla ya kupima ni lazima gari lisukumwe mbele na nyuma. Likitoka tu kwa jeki, tairi hung'ang'ania sakafu na kulishikilia juu, na tepu inadanganya. Hata fundi wa jana anajua hilo.

Kwetu pahali tambarare ni sakafu moja tu ya simiti, na mama yangu, Mutanu, alikuwa ameanika ndengu nusu yake. Hapakuwa na nafasi ya kusukuma. Akaniambia, "Masila, ngoja nizoe. Ni dakika ishirini tu." Nikakataa. Mimi sipendi kungojeshwa, hata na mama. Tepu ilisoma inchi tano, nikashusha hadi nne, na gari halikusukumwa hata hatua moja. Wendy akauliza kutoka ndani, "Baba, hatulisukumi?" Nikamwambia nilipima magari kabla yeye hajazaliwa. Akacheka, tukafunga kazi.

Kesho yake, Jumapili, kwenye uwanja ulio nje ya Tala, gari liliposhuka kwa lori niliona pua iko chini mno. Tepu ilikuwa mfukoni mwangu. Mafundi wengine walikuwa wakitazama, nikaona haya kupima upya kama mtu asiyejua kazi. Ni kiburi, afande, usitafute jina lingine.

Saa tisa na dakika arobaini, mzunguko wa tatu, chesisi ilichimba tuta la murram, ule udongo mwekundu mgumu, kwenye kona. Gari lilisimama kwa pua, likapinduka mara mbili. Nilifika wa kwanza. Wendy alikuwa bado anapumua. Hatukufika naye hospitali.

Springi ya kushoto ilipatikana imekatika. Ndugu yangu Kitheka akaanza kupiga kelele kwamba Mustaf, muuza vipuri wa Matuu aliyetuuzia springi, alituuzia takataka. Mustaf alikuwa papo hapo, alikuja kumshangilia Wendy. Vijana wakamshika, wakampiga, wakamleta kwenu. Aliniangalia akasema, "Mzee Masila, waambie." Mimi nilijua springi ilikatika gari likipinduka. Nikatazama chini. Amelala seli siku mbili kwa sababu yangu.

Jana mkewe, Kaltun, alikuja matangani. Alileta maziwa na sukari, akakaa kando ya mama yangu tangu saa nane mpaka jioni, amemshika mkono. Hakumtaja bwanake hata mara moja. Afadhali angenitukana mbele ya watu wote. Usiku huo sikulala, na asubuhi nikaja hapa.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Watu wanakuja kwangu wakiniambia Mungu ametoa na Mungu ametwaa, nami naitikia, huku nikijua aliyetwaa ni nani. Tunazika Ijumaa. Baada ya Ijumaa sioni kitu, afande. Sioni kabisa.

Springi za Mustaf zilikuwa nzima. Niliyoyafanya ndiyo hayo. Nimesomewa nikayasikia, na sitaki neno hata moja liondolewe.

Sahihi: M. Munyao

Maelezo ya afisa: Nimeandika mimi, Sajini Wayua, kama alivyosema. Mustaf ameachiliwa saa saba mchana. Shahidi aliomba awekwe seli mahali pa Mustaf. Nilimweleza kwamba kwa sasa hana shtaka, aende nyumbani akazike. Sasa ni saa kumi na moja jioni, na bado ameketi kwenye benchi.