Brauza Iliyoniingiza Kwako Bila Hodi

Maskati

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Asha,
Madungu, Chake Chake.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mama, shikamoo yangu ipokee kwa mikono miwili. Mimi mwili wangu ni mzima, namshukuru Mola. Nauliza hali yako, hali ya dada Time na wanawe, na hali ya nyumba, maana nilisikia mvua ilipiga mpaka maji yakaingia ukumbini. Barua hii nimempa Bi Mgeni wa Wambaa, aliyekuja huku kumwangalia binti yake aliyejifungua na sasa anarudi. Utaona nimeandika kwa herufi kubwa, mistari imeachana, kama mtoto wa darasa la kwanza. Nimetaka uisome mwenyewe, asikusomee Time. Na kwenye simu sikutaka kusema, kwa sababu kwenye simu unanishinda. Nikikuuliza hali tu unanijibu, "Mie n'zima, mwanangu, sina neno. Weye je, wala chakula ukashiba?" Basi mazungumzo yote yanakwenda kwenye samaki wa huku na bei zake.

Mama, nina jambo linanisuta, na nitalisema moja kwa moja kabla sijaingiwa na woga. Unakumbuka nilipokuja likizo nikakuletea ile simu? Ulikuwa huna akaunti, na simu ilikataa kufunguka vizuri bila ya akaunti. Nikaiweka yangu. Sikuona ubaya, kwani nyumbani kwetu nani aliwahi kusema hiki changu, hiki chako? Hata taulo tulikuwa tunagombania. Kumbe hizi brauza, hizi za kutafutia mambo kwenye mtandao, ukizifungua kwa akaunti moja zinapashana habari. Unachokitafuta wewe Madungu kinanitokea mimi huku Maskati, palepale ninapoandika, maneno yako vilevile ulivyoyaandika.

Mwanzo nilicheka peke yangu kazini mpaka wenzangu wakaniuliza kulikoni. Nilikuta umeuliza namna ya kupika vileja vya unga wa mchele visipasuke. Vileja, mama! Vile unavyowaambia watu wa Madungu wote kuwa siri yake ulipewa na bibi, ukakataa hata kumfundisha Time. Siku nyingine ukauliza kama sheria inamruhusu jirani kumwaga maji ya kuoshea samaki mbele ya mlango wa mtu. Nikajua Bi Zuwena ameanza tena. Ikawa kila mapumziko ya chai nafungua pale kutazama mama leo ameuliza nini. Ilinipunguzia upweke, sikufichi.

Lakini wewe ndiye uliyetufundisha kubisha hodi. Ulitwambia bisha mara tatu, usipoitikiwa geuza urudi, hata kama unamwona mtu dirishani. Mimi nimekaa miezi ndani ya nyumba yako, nikisikiliza unayojisemea mwenyewe, na hodi sikupiga hata moja. Ningeweza kutoka mapema. Sikutoka.

Sababu ni kwamba maswali yalibadilika. Uliuliza kwa nini jicho moja linaona ukungu. Kisha ukauliza kuhusu mtoto wa jicho, na kama operesheni yake inauma. Kisha ukauliza kama mtu anaweza kungoja asifanyiwe, na akingoja sana inakuwaje. Na jioni ya siku ileile nikakupigia, nikakuuliza, "Mama, macho yako yaonaje siku hizi?" Ukanijibu, "Macho yangu? Yaona mpaka kisiwani Kojani!" Ukacheka. Nami nikacheka nawe, huku najua. Naijua desturi yetu, aliye safarini hapelekewi habari mbaya, asije akavunjika moyo akiwa ugenini. Nikajifanya sijui, nikaona ndiyo adabu. Mama, haikuwa adabu, ilikuwa woga.

Sasa kuna mwenzangu tunayeishi chumba kimoja, Shaame, mtu wa Kojani, unajua walivyo, hawanyamazi. Brauza yangu imekuwa nzito, kila unapofungua ukurasa matangazo yanaruka usoni. Yeye anatumia nyingine, nyepesi, haina matangazo. Kila siku ananipigia kelele. "Bwana we, hama huko! Wangoja n'ni? Kwani umeoana nayo?" Nikamwambia nina kurasa zangu nimeziweka humo, za kuagizia marumaru za duka tunalofanyia kazi. Uongo mtupu. Kurasa hizo zinahama kwa muda wa kuchemka chai. Nilikuwa naogopa kuwa nikihama tu, sitajua tena habari za jicho lako.

Na kwa upande mwingine nilitamani sana kuhama, na hapo ndipo ninapojiona mbaya zaidi. Kuiondoa akaunti yangu kwenye simu yako kungetaka nimwambie Time aishike simu, nanyi mngeniuliza kuna nini. Lakini nikihama mimi huku, hakuna atakayeuliza. Ningetoka kama nilivyoingia, kimya kimya, na wewe usingejua maisha yako yote kwamba kuna mtu alikuwemo. Nilikwishamwambia Shaame aniwekee hiyo mpya. Aliiweka. Nilichobakiza ni kuiacha ya zamani.

Ijumaa niliifungua mara moja tu, nikijiambia ni ya kuagia. Nikakuta umeandika, "mtu akiachishwa kazi Maskati nani anamrudisha kwao."

Mama, hapo nilikaa chini. Hakuna mtu wa nyumbani niliyemwambia kuwa tajiri wetu anafunga duka na mkataba wangu hauendelei. Si wewe, si Time. Nilikuwa nimeuliza mimi mwenyewe, kwenye brauza hiyohiyo, mfanyakazi ana haki gani duka likifungwa. Sikuwahi kufikiri kwamba njia inayoniletea yako inakupelekea na yangu. Ndipo nikakumbuka maneno uliyoniambia kwenye simu, nami nikayapuuza nikidhani ni mapenzi ya mama tu. "Mwanangu, nyumba hii si ya kuja na mzigo. Njoo hata na nguo ulizovaa, chumba chako hakijalaliwa na mtu." Ulikuwa unajua. Umejua kila kitu, na kila siku ukaniuliza kama nimekula.

Linaloniuma si kwamba umeniona. Linaloniuma ni kwamba jicho lako haliwezi, na hilohilo umelitumia kunitafutia mimi njia ya kurudi. Na nimeelewa sasa kwa nini uliuliza habari ya kungoja. Unaahirisha operesheni ili nisije nikasikia nikaongeza mawazo. Nilikuwa na miezi ya kukwambia nenda, nikanyamaza nikiona nakustahi. Jicho likiharibika, sehemu yangu imo, na siwezi kumtupia mtu mwingine. Nisamehe, mama. Nisamehe kwa kuingia, na zaidi kwa kuona nikakaa kimya.

Tafadhali usiningoje. Nenda hospitali na Time wiki hii. Kuhusu mimi, kazi inakwisha mwisho wa mwezi, tiketi ya kurudi ni juu ya tajiri, ameshatuandikia, na haki yangu nitapewa. Nitakuja nyumbani. Sitaki tena uhangaike kunitafutia hilo. Time nimemtumia ujumbe akufungulie akaunti yako mwenyewe na aitoe yangu kwenye simu. Sikumwambia kwa nini. Ukitaka kumwambia ni juu yako, ila habari ya vileja sitaitoa mimi.

Nisalimie dada yangu Time na mumewe, mwambie shemegi mpira alioutaka nimeshaununua. Mjomba Kombo, aliyenisindikiza bandarini, mpe mkono wangu. Shangazi wa Wete mwambie aniombee dua. Na jirani yetu Bi Zuwena naye msalimie, pamoja na maji yake. Shaame anakuamkia, anasema ana hamu ya kukuona ingawa hakujui.

Hii brauza mpya nimeifungua leo asubuhi. Ni nyepesi kweli, hakusema uongo. Pale pa kuandikia ni peupe, hapana hata neno lako moja. Sina tena pa kuchungulia, na usiponiambia wewe mimi sitajua. Nitakupigia Bi Mgeni akishafika. Nitakuuliza jicho linaendeleaje, na usiniambie unaona mpaka Kojani.

Ni mimi mwanao, niliye mlangoni sasa,
Faki