Niangalizie Ndege

Morogoro, 3 Aprili 2024

Shangazi Kazija, shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, masomo yananibana tu. Barua hii nampa dereva wa basi, maana simu yako kila siku haina chaji.

Nasikia wapima viwanja wamefika bondeni, kwenye mpaka wa shamba la mpunga ambalo babu aliwaachia wewe na baba. Nasikia pia baba anataka kuuza na wewe hujakubali. Kabla hapajajaa nyumba, natamani kujua pale wanaishi ndege gani. Ukiwa shambani, tafadhali niangalizie ndege, kisha unisimulie.

Mwanao, Maimuna


Lindi, 17 Aprili

Marahaba mwanangu. Goti lina kiburi, lakini natembea.

Kazi yako nimeifanya. Nimewaangalia ndege tangu kunakucha, kwa kombeo na debe, na hakuna aliyethubutu kutua. Mkono umevimba. Mpunga unabeba vizuri, na baba yako atanyamaza, maana ameapa kwamba shamba lisilotoa gunia ni kiwanja tu. Ila nashangaa, wasomi mmeanza lini kuuonea huruma mpunga wangu?

Shangazi yako, Kazija


Morogoro, 25 Aprili

Shikamoo shangazi, na pole sana kwa mkono. Nimecheka mpaka machozi. Kosa ni langu: kumwambia mwenye mpunga aangalie ndege ni kumwambia aamie, awafukuze wasile. Mimi nilitaka uwatazame tu. Ukae kimya, uwaache watue, uone wanafanya nini.

Mwanao, Maimuna


Lindi, 12 Mei

Marahaba. Sijambo, mkono umepona kwa kukosa kazi.

Mwanangu, nimetazama. Yupo mwekundu mwenye tumbo jeusi, anajitutumua juu ya matete kama bwana harusi. Nilidhani wale wa rangi ya udongo ni ndege wengine, kumbe ni wakeze! Kila mmoja amefumiwa nyumba yake ya majani. Baba yako naye ana wake wawili na anataka kujenga. Mwambie kwamba huyu mwekundu anajenga bila kuuza shamba la dada yake.

Sasa niambie: mvua ikiisha, ule wekundu anaupeleka wapi? Kila siku nakaa nitazame, sijapata jibu.

Shangazi yako, Kazija


Morogoro, 19 Mei

Shikamoo shangazi. Wekundu humtoka, akafanana na wakeze mpaka mvua nyingine. Lakini umeandika kila siku? Mimi nilimaanisha asubuhi moja. Nakuomba, amia mpunga wako! Nina wasiwasi.

Mwanao, Maimuna


Lindi, 20 Juni

Marahaba mwanangu. Sisi wazima. Barua yako ilinikuta mpunga umeshaliwa. Majirani wameuza, kwao ni misingi ya nyumba, basi ndege wa bonde zima walihamia kwangu. Nimevuna makapi.

Baba yako alikuja na mnunuzi. Akaniuliza, "Dada, gunia liko wapi?"

Nikamjibu sina. Kisha nikamwambia siuzi. Ameondoka kwa hasira, na imeniuma, maana tumetoka tumbo moja.

Usidhani nimekataa kwa ajili ya ndege wako. Hili shamba nimeliamia tangu nikiwa mwali, sikuwahi kulitazama. Siwezi kuuza kitu ambacho ndiyo kwanza naanza kukijua.

Ukija likizo, njoo na mchele.

Shangazi yako, Kazija