Tundu Dirishani

Tarehe 4 Machi

Shangazi, shikamoo.

Unisamehe kukaa miezi mitano bila kuandika. Mdogo anaota meno, mkubwa haishiwi maswali, na mimi nasinzia nimeshika mwiko. Magoti yako yanaendeleaje?

Wamekuja tena, watu wa gazeti. Safari hii ni binti mwenye simu mbili. Akaniuliza, "Kumbe katuni si za watoto tu?" Nikacheka mpaka akaona haya. Nilikuwa na miaka saba wa kwanza alipomuuliza marehemu Baba maneno hayo hayo. Kumi na saba alipokuja wa pili. Kila baada ya miaka kadhaa wanazigundua upya hadithi za picha, wanaondoka na michoro ya Baba, "kuipiga picha tu," wala hairudi.

Nimebaki na vipande vya gazeti. Kila hadithi ina dirisha nyuma, na dirishani doa jeusi. Wa pili aliandika eti ni alama ya kifo. Baba aliniambia, "Huyo ni mama yako." Alifariki nikiwa kichanga, na picha yake hatuna. Juzi mkubwa kaweka kidole pale: "Bibi hana uso?" Tangu hapo nikipita dirishani nahisi kuna mtu amesimama, kanipa kisogo.

Huna hata mchoro mmoja wa mkono wa Baba?

Mwanao

Tarehe 20 Mei

Marahaba, mwanangu. Magoti yananibeba kwa masimango.

Nimechelewa kwa aibu. Yule wa gazeti wa pili, bunda la michoro nilimpa mimi, baba yako akiwa hoi kitandani. Aliniahidi jina langu gazetini. Wakalikosea.

Upo mmoja, niliutandika kwenye droo. Lakini dirishani hamna uso, kuna tundu. Baba yako alikuwa akimchora mama yako, anasema "Siye," anakwangua kwa wembe, anachora tena, anakwangua, mpaka karatasi inatoboka. Anaipeleka hivyo hivyo. Lile doa ni tundu lililotoka jeusi lilipochapwa.

Si heri niuache ulipo?

Shangazi yako

Tarehe 2 Juni

Shangazi, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimesimama, mtoto mgongoni, nikairudia. La bunda nimekusamehe. Ila mchoro usiuache ulipo.

Binti wa gazeti nimemwambia atautazama hapa hapa mezani kwangu, mikono nyuma. Kasema, "Sawa, dada." Na ataandika kwamba tundu ni tundu.

Kwa hiyo nitumie huo mchoro, usizibe kitu. Wembe wake, kama upo. Na karatasi moja ya mkono wako, maana umebaki wewe peke yako uliyemwona Mama: paji la uso, nyusi, pua, kama alikuwa na mwanya, akicheka alifumba jicho lipi. Pale ulipopasahau, acha wazi. Usibuni.

Mwanao